Upimaji wa majani ya miombo

Upimaji wa majani ni njia ya kutenganisha miti inayofanana kwa hesabu na rula, pale jicho linapobabaika. Huko Ulaya hutumika sana kwa mialoni, ambayo spishi zake huzaliana na kutoa machotara. Tanzania, fumbo la aina hiyo limo katika miombo. Ukitoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro utaikuta Kitulangalo, msitu wa miombo ambao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huutumia kwa mafunzo na utafiti. Mkaa huingia Dar es Salaam kwa barabara hiyohiyo, na gunia la mkaa halina jani. Mti lazima utambuliwe ungali umesimama.

Jani moja la mti wa miombo ni mkusanyiko wa vijani vilivyopangwa jozi jozi kwenye uti mmoja. Mpimaji huanza kwa kuhesabu jozi hizo. Mtundu, yaani Brachystegia spiciformis, ambao Wagiriama wa Kenya huuita mrihi, kwa kawaida huwa na jozi chache, mara nyingi 3 au 4. Brachystegia boehmii huwa na jozi 14 hadi 28 za vijani vyembamba. Hapo rula haina kazi.

Kazi ipo kati ya mtundu na Julbernardia globiflora, mhondolo wa wafuga nyuki, wenye jozi 4 hadi 7. Idadi zinaingiliana, kwa hiyo hupimwa urefu wa kila jozi: kwenye mtundu jozi ya nchani ndiyo kubwa kuliko zote, kwenye mhondolo ni ya katikati. Kipimo hiki ndicho bora, kwa sababu uwiano wa urefu wa jozi hautegemei ukubwa wa jani.

Machotara ya Brachystegia hayakubali kipimo kimoja; hapo vipimo kadhaa huunganishwa, kwa njia iliyojaribiwa kwanza kwenye maua. Mwaka 1936 mwanatakwimu Ronald Fisher aliunganisha vipimo vinne vya maua 150 ya spishi tatu za airisi, yaliyokusanywa na mtaalamu wa mimea Edgar Anderson, akapata fomula ya kuzitenganisha. Hesabu hiyo bado inatumika, hata kwa majani.

Usipime machipukizi ya visiki, kwani majani yake mara nyingi huwa makubwa kupita kawaida, wala majani mekundu yanayochipua kabla ya mvua, kwa kuwa hayajakomaa. Chuma yaliyokomaa, kutoka miti mingi, kwenye matawi yanayopigwa na jua, na ukaushe pamoja nayo ua au tunda. Matokeo yakigongana, ua na tunda ndivyo vya kuaminiwa.