Sauti Isiyochoka

Babu alipofariki, kundi la matarumbeta la usharika wetu lilikuwa limebakiwa na wapigaji watatu. Zamani walikuwa wanane. Wengine wameshazikwa, wengine wameng'oka meno, na mpiga tarumbeta asiye na meno ya mbele hana pa kuegemeza mdomo. Usiku wa msiba mwenyekiti wa kwaya aliniita pembeni. "Wewe unajua kinanda," akasema. "Tafuta humo sauti ya matarumbeta. Mzee hawezi kuzikwa kimyakimya."

Babu alipiga tarumbeta kwa zaidi ya miaka arobaini katika kijiji chetu, juu ya Lushoto, kwenye njia ya Mlalo. Nilikwenda kanisani, nikawasha kinanda, nikaitafuta hiyo sauti. Ilikuwemo, safi kabisa, na haikufanana na yake hata kidogo.

Sababu niliiona nilipofungua sehemu ya mipangilio inayoitwa envelopu. Ni neno lilelile la Kiingereza la bahasha, lakini kwa mafundi wa sauti ni umbo la nguvu ya noti tangu inapozaliwa hadi inapokufa. Lina hatua nne: noti inapanda kwa kasi gani, inashuka kwa kasi gani baada ya kilele, inadumu katika kiwango gani kidole kikiwa bado kimebonyeza, na inachukua muda gani kufifia kidole kikiinuka. Ngoma hupanda ghafla na kufa upesi. Filimbi hupanda taratibu na kudumu kadiri pumzi inavyodumu.

Sikio linategemea sana umbo hilo. Mwaka 1948, Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio jijini Paris, alirekodi kengele kisha akaondoa ule mgongo wa mwanzo. Kilichobaki hakikusikika tena kama kengele. Kilikaribia zaidi ala ya kupuliza.

Mwaka 1964 Robert Moog alikuwa akiunda sintesaiza yake huko Trumansburg, jimbo la New York. Mwanamuziki Herbert Deutsch alimwambia kuwa noti za mashine hazina namna ya kuanza na kuisha. Moog akamtuma akanunue kitufe cha kengele ya mlangoni. Ukikibonyeza, kapasita inajaa umeme na sauti inapanda. Ukikiachia, umeme unapungua kidogo kidogo na sauti inafifia. Mwaka uliofuata Vladimir Ussachevsky, mtunzi wa muziki wa kielektroniki jijini New York, alieleza mpangilio wa hatua nne. Ndio huo uliokuwa mbele yangu usiku ule, ndani ya kinanda cha kwaya.

Matarumbeta ya babu yalikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifungua kituo Mlalo, wakakiita Hohenfriedeberg. Lushoto yenyewe iliitwa Wilhelmstal. Mwaka 1906 makao ya misheni yao yalihamia Bethel, karibu na Bielefeld, na huko ndiko alikokuwa Johannes Kuhlo, mchungaji aliyesimamia vikundi vya matarumbeta vya makanisa ya Kijerumani. Kuhlo alitaka shaba iimbe kama binadamu. Hakupenda mlio mkali wa kijeshi. Alipenda ala pana zenye mlio laini, na noti inayofunguka kama mdomo wa mwimbaji. Kwa lugha ya kinanda, alikuwa akirekebisha hatua ya kwanza, bila waya wala umeme.

Kwa muda mrefu nilidhani historia yetu inaishia hapo, kwenye swali la nani alileta nini. Tasnifu yangu ya uzamili niliianza hivyohivyo. Lakini Waingereza waliingia Wilhelmstal mwaka 1916, na kufikia 1920 wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa. Baadaye wakaruhusiwa kurudi. Vita vya pili vilipokuja wakawekwa kizuizini, na sharika zikabaki mikononi mwa wachungaji na walimu wa hapahapa. KKKT iliundwa mwaka 1963. Babu hakufundishwa tarumbeta na Mjerumani yeyote. Alifundishwa na baba yake, nyuma ya nyumba, baada ya kupalilia.

Kwa hiyo sauti niliyokuwa naitafuta haikuwa ya Bethel. Ilikuwa ya wakulima wanane waliopanda mlima, wakapuliza shaba baridi asubuhi ya ukungu, kila mmoja akichelewa kidogo kwa kiasi chake.

Nikaongeza muda wa kupanda. Nikarefusha kufifia. Nikapunguza kiwango cha kudumu. Karibu saa nane usiku mmoja wa wale watatu aliingia, akavua kofia, akaketi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Endelea."

Nikapiga ubeti mzima. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanzo umeupata," alisema. "Ila hii haichoki."

Nilirudi kwenye mipangilio. Hatua ya tatu inaniruhusu kuchagua kiwango ambacho noti itadumu, na inadumu hapo mpaka niinue kidole, hata kama ni kesho asubuhi. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mpigaji ana miaka sabini na nane na amepanda kilima. Ningeweza kuifanya noti ipungue yenyewe, lakini ingepungua vilevile kila mara, na binadamu hachoki vilevile kila mara.

Siku ya mazishi nilipiga kinanda ndani ya kanisa, na watu waliimba vizuri. Jeneza lilipotoka nilikizima. Hakuna waya unaofika makaburini. Wale watatu walitangulia mbele ya jeneza, wakipuliza ubeti, wakinyamaza kuvuta pumzi, na katika kunyamaza kwao tulisikia nyayo na vilio. Kilima kilipoanza kuwa kikali, noti ya mwisho ya ubeti wa tatu iliwashinda. Mmoja aliacha, halafu wa pili, halafu yule aliyenijia usiku.

Sisi tuliokuwa nyuma tukaimalizia kwa kuimba.