Uji mmoja, sukari mbalimbali: namna vinywaji vya lishe vinavyotenda katika damu ya kila mtu

Katika parokia zetu nyingi za Mashariki vinywaji vya lishe vimekuwa vya kawaida. Kuna uji wa masoso unaopikwa nyumbani na katika vituo vya afya. Kuna maziwa ya unga ya makopo, na vinywaji vya malti tunavyowapelekea wagonjwa. Siku hizi kuna pia poda zinazouzwa kutoka mtu hadi mtu, mara nyingine nje ya kanisa baada ya ibada, zikisifiwa kwamba zinashusha sukari. Muuzaji huleta ushuhuda wa mama fulani aliyekunywa na sukari yake ikakaa vizuri.

Tunaandika makala hii ili kueleza jambo moja. Kipimo cha mama yule ni kipimo cha damu yake yeye. Hakikuambii damu yako itafanya nini ukinywa kikombe kile kile. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa sukari (diabete), kufuata kipimo cha mwingine na kuacha dawa kunaweza kumpeleka hospitalini, au kumpotezea uhai.

Kinywaji kinafanya nini mwilini

Mahindi, mtama, muhogo, sukari ya mezani na hata maziwa vina wanga au sukari ndani yake. Tumbo na utumbo huvivunja mpaka viwe glukozi, nayo huingia katika damu. Hapo kongosho hutoa insulini, ambayo hufungulia glukozi njia ya kuingia katika misuli na viungo vingine. Kwa mtu asiye na diabete, sukari hupanda baada ya kula, mara nyingi hufika juu kabisa kati ya nusu saa na saa moja, kisha hushuka polepole.

Kinywaji hupita tumboni haraka kuliko chakula cha kutafuna. Kwa hiyo unga ule ule unaweza kupandisha sukari upesi zaidi ukiwa uji mwepesi kuliko ukiwa bugali inayoliwa na sombe na maharagi. Soya, karanga na mafuta hupunguza mwendo huo, kwa sababu protini na mafuta hukawisha chakula tumboni. Lakini ukiongeza vijiko vitano vya sukari katika kikombe, umeongeza gramu 20 hivi za sukari, na soya haiwezi kuzifuta.

Kipimo cha hospitali kinachoonyesha tofauti

Waganga wamejua kwa muda mrefu kwamba watu hawaitikii kinywaji kitamu kwa namna moja. Wanatumia tofauti hiyo kupima ugonjwa. Mtu mzima aliyekaa bila kula usiku mzima hunywa maji yenye gramu 75 za glukozi. Baada ya saa 2 damu yake hupimwa. Ikiwa chini ya 140 mg/dl, ni kawaida. Kati ya 140 na 199, mwili umeanza kushindwa. Ikiwa 200 au zaidi, ni dalili ya diabete. Kinywaji ni kile kile, kiasi ni kile kile, lakini majibu yanatofautiana.

Mashine nyingine huonyesha kwa mmol/l. Zidisha namba hiyo kwa 18 ili upate mg/dl: 7 mmol/l ni 126 mg/dl. Waganga wetu wengine huandika kwa gramu kwa lita, yaani 1,26 g/l. Hizo zote tatu ni kiasi kimoja.

Utafiti wa miaka ya karibu umeonyesha kwamba hata watu wasio na diabete hutofautiana. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, huko Israeli, walitangaza matokeo ya watu 800 waliovaa kifaa cha kupima sukari mfululizo kwa wiki moja. Chakula kimoja kilimpandisha mmoja sana na mwingine kidogo tu. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, kilitangaza utafiti wa watu wazima 63 waliopimwa mara kadhaa baada ya kula mkate mweupe. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kama 25 kwa mia. Mtu yule yule naye, siku mbalimbali, alitofautiana kama 20 kwa mia. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa watu zaidi ya 1000 nchini Uingereza, wengi wao mapacha, ulionyesha kwamba hata mapacha wa kufanana kabisa wanaweza kuitikia chakula kimoja kwa namna tofauti.

Tunajifunza mambo mawili hapo. Usichukue kipimo cha jirani. Na usiamini kipimo chako cha siku moja peke yake.

Sababu za tofauti

Ya kwanza ni insulini yenyewe. Wengine wana ya kutosha lakini mwili wao hauisikii vizuri, hasa wakiwa na mafuta mengi tumboni. Wengine kongosho yao hutoa kidogo. Katika maeneo yetu tunaona pia watu wembamba wenye sukari ya juu, na jamaa zao hukataa kuamini kwa sababu wanadhani diabete ni ugonjwa wa wanene na wenye mali. Ugonjwa wa sukari unaofungamana na utapiamlo ulielezwa huko Jamaika mwaka 1955. Mwezi wa 4 mwaka 2025, katika mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Diabete liliutambua kuwa aina ya 5. Kwa hiyo unene au wembamba peke yake hausemi kinywaji kitamfanyia mtu nini.

Kazi ya mwili ni sababu nyingine. Misuli inayofanya kazi huchukua glukozi nyingi. Mama aliyetoka shambani na karani aliyekaa kutwa nzima hawataitikia uji kwa namna moja. Usingizi mchache, hofu, maumivu na homa hupandisha sukari. Saa nayo ina uzito: kwa watu wengi kinywaji cha jioni hupandisha zaidi kuliko kile kile cha asubuhi. Mimba, hasa katika miezi ya mwisho, hupunguza nguvu ya insulini. Hata vijidudu vya utumboni, ambavyo kila mtu ana vyake, vina sehemu yao.

Dawa pia. Prednisoloni na deksametazoni hupandisha sukari. Tunajua kwamba wengine hununua deksametazoni sokoni ili wanenepe. Mtu wa namna hiyo akinywa poda ya lishe na sukari ikapanda, atailaumu poda, kumbe dawa ndiyo iliyofungua mlango. Kwa upande mwingine, kinini inayotumiwa dhidi ya malaria inaweza kuishusha sukari mpaka hatari.

Vinywaji tunavyovifahamu

Uji wa masoso. Ni chakula kizuri. Mwenye diabete hakatazwi, ila apime kikombe, aache au apunguze sukari, na auhesabu kuwa sehemu ya chakula chake, si nyongeza juu ya bugali.

Malti na sukre. Nyingi zina gramu 10 hivi za sukari katika mililita 100, na malti nyingine zaidi. Chupa moja ya mililita 330 ni zaidi ya gramu 30. Neno "lishe" au "nguvu" juu ya chupa halipunguzi sukari hiyo.

Poda na maziwa ya makopo. Someni nyuma ya kopo, mahali palipoandikwa "glucides". Maneno "sans sucre ajouté" yana maana kwamba hawakuongeza sukari. Hayana maana kwamba hakuna wanga. Mkiona "maltodextrine" au "sirop de glucose" kati ya majina ya kwanza, jueni kwamba hupandisha sukari haraka, hata kama ulimi hauonji utamu mwingi. Ziko pia poda zilizotengenezwa kwa ajili ya wenye diabete. Hizo kwa wengi hupandisha sukari kidogo zaidi, lakini hazichukui nafasi ya dawa.

Maziwa ya tiba F-75 na F-100. Haya ni ya watoto wenye utapiamlo mkali, pamoja na bwaki, chini ya uangalizi wa waganga. Kwa watoto hao hatari kubwa ni sukari kushuka, ndiyo maana wanapoanza matibabu hulishwa kidogo kidogo kila saa 2 au 3, mchana na usiku. Mama asimpunguzie mtoto maziwa hayo kwa kuogopa sukari. Wala mtu mzima asiyatumie kama kinywaji cha nguvu.

Maji ya SRO. Wakati wa kipindupindu tumesikia wenye diabete wakikataa SRO kwa kuwa ina sukari. Paketi ya kawaida ina gramu 13,5 za glukozi kwa lita nzima, ambapo lita ya sukre ina karibu gramu 100. Mwenye diabete anayeharisha anywe SRO na apelekwe upesi kituo cha afya. Kukauka maji kunaweza kumwua haraka.

Namna ya kujua damu yako

Kwa mwenye mashine ya kupimia, tunashauri hivi. Nawa mikono kwa maji na sabuni na uikaushe, kwani maji ya embe kwenye kidole yanaweza kuleta namba ya uongo. Angalia tarehe ya bandeleti, na ufunge kopo lake vizuri, kwa sababu unyevu huziharibu. Pima kabla ya kunywa. Kunywa kiasi unachokunywa kila siku, bila kubadili kitu kingine. Pima tena saa 2 baada ya funda la kwanza. Andika tarehe, saa, kiasi, dawa uliyomeza na kazi uliyofanya. Rudia siku nyingine mbili.

Kwa watu wazima wengi wenye diabete, waganga hutafuta 80 hadi 130 mg/dl kabla ya chakula, na chini ya 180 saa 1 hadi 2 baadaye. Kwa wazee na wajawazito, muganga anaweza kuweka mpaka mwingine. Ikiwa kikombe kinakupitisha mpaka wako siku zote tatu, kipunguze nusu, au kinywe pamoja na maharagi au mayai, kisha upime tena. Matembezi ya dakika chache baada ya kunywa husaidia wengi.

Bandeleti ni ghali, tunajua. Asiyeweza kununua, aende kituo cha afya siku moja akiwa amekunywa uji wake wa kawaida, na aeleze ni saa ngapi alikunywa. Kipimo hicho kimoja, kikiwekwa pamoja na kile cha asubuhi kabla ya kula, kinampa muganga cha kuanzia. Na pale ambapo parokia inapima watu pamoja, sindano ya kuchoma kidole ni ya mtu mmoja, mara moja. Isipitishwe kwa wawili, hata mume na mke.

Katika maisha ya kanisa

Mwenye insulini au anayemeza glibenklamidi asiingie katika kufunga na kuomba bila kuongea na muganga. Dawa hizo huendelea kushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Mchungaji akiombwa ruhusa ya kutofunga kwa sababu hiyo, asiione kuwa udhaifu wa imani. Na anayefungua baada ya kufunga asianze na chupa ya malti.

Tunapokwenda kuwatazama wagonjwa, tuulize jamaa kwanza kabla ya kununua kinywaji. Mayai, samaki au mboga vinaweza kufaa zaidi. Lakini kila nyumba yenye mtu wa insulini iwe na sukari karibu. Akitetemeka, akitoka jasho baridi, akichanganyikiwa, au kipimo kikiwa chini ya 70, apewe upesi vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari ndani ya maji, na apimwe tena baada ya dakika 15. Kama hawezi kumeza, msimmiminie kitu kinywani. Mkimbizeni hospitalini. Huyu ndiye mtu ambaye kinywaji kitamu, kilichomdhuru jana, kinamwokoa leo.

Kiu kisichokoma, kukojoa sana, kutapika, kupumua kwa nguvu na harufu ya matunda yaliyoiva katika pumzi ni dalili za sukari iliyopanda mno. Hali hiyo huweza kutokea siku chache tu baada ya kuacha insulini, hasa kwa watoto na vijana. Usingoje ibada iishe.

Kwa wanaouza poda kati yetu, tunawaomba jambo moja. Uzeni chakula kama chakula. Msimwambie mtu aache dawa yake. Na wewe unayenunua, peleka kopo kwa muganga wako pamoja na daftari la vipimo vyako. Kutoka namba zako mwenyewe mtaamua pamoja ni kikombe kipi, kiasi gani, na saa ngapi.