Fedha iende wapi unaponunua tarakilishi ya michezo

KIJANA wa Tuala, kaunti ya Kajiado, anayetaka tarakilishi ya michezo ya video aghalabu hufunga safari hadi Nairobi, kwenye maduka ya Luthuli Avenue na Moi Avenue, akiwa na akiba ya miezi kadhaa mfukoni. Akichagua vibaya, nauli ya kurudisha kifaa ni juu yake, na si kila muuzaji atakubali kukipokea.

Kosa linalogharimu wengi ni kuweka fedha nyingi katika prosesa na kubakisha makombo ya kadi ya grafiki. Prosesa hupiga hesabu za mchezo, lakini kadi ndiyo inayochora kila picha. Ni busara kutenga takriban thuluthi moja ya bajeti, au zaidi kidogo, kwa kadi hiyo. Mnunuzi aangalie pia skrini aliyo nayo: skrini inayoonyesha picha 60 kwa sekunde haitaonyesha picha 140 zinazotolewa na kadi ghali.

Njia nafuu inayopendwa ni kununua tarakilishi iliyotumika ofisini ng'ambo, mathalani Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuongeza kadi. Hapa ndipo wengi hunaswa. Mashine hizo nyingi zina pawa saplai ndogo, nyingine ya wati 240 tu, na viunganishi vyake si vya kawaida, hivyo kuibadilisha si rahisi. Kitundu cha kadi kwenye madabodi hutoa umeme usiozidi wati 75. Kadi ya GTX 1650 iliyotolewa mwaka wa 2019 hutosheka na kiasi hicho katika matoleo yake mengi, ilhali RX 580 ya mwaka wa 2017 huhitaji takriban wati 185 na haifai kabisa humo hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa. Kasha likiwa jembamba, kadi pia sharti iwe ya kimo kifupi. Afadhali kupima kwa rula kabla ya kuondoka nyumbani.

Umri wa mashine nao una uzito wake. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa kawaida hukubali prosesa za Intel za kizazi cha nane kuendelea. Anayenunua i5 ya kizazi cha nne atacheza GTA V bila taabu kubwa, lakini EA Sports FC 24 ilitaja i5-6600K, RAM ya gigabaiti 8 na kadi ya GTX 1050 Ti kuwa kiwango cha chini kabisa.

Asiyemudu kadi kwa sasa anaweza kuanza na prosesa yenye grafiki ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka wa 2021, kisha aongeze kadi baadaye. Prosesa ya aina hiyo hutegemea RAM kuchora picha, kwa hivyo vipande viwili vya gigabaiti 8 huipa kasi kuliko kimoja cha 16. Kwa upande wa Intel, prosesa yenye herufi F mwishoni mwa jina haina grafiki yoyote. Bila kadi, skrini itabaki nyeusi.

Kadi zilizotumika zahitaji jicho kali. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, kadi nyingi zilizochoshwa na kazi hiyo ziliingia sokoni. Kuna pia kadi kuukuu zilizobadilishwa jina kwa programu ili zionekane mpya. Muuzaji atakiwe kuiwasha na kuipima kwa programu ya GPU-Z, kisha mchezo uendeshwe kwa nusu saa, feni zikisikilizwa.

Umeme usisahaulike. Mnamo Agosti 25, 2023 giza lilitanda karibu nchi nzima, na umeme unaporejea kwa kishindo ndipo vifaa huungua. Pawa saplai ya bei rahisi isiyo na chapa huweza kuunguza madabodi na kadi kwa pamoja. Ikibidi kupunguza gharama, kasha lenye taa za rangi ndilo la kuachwa kwanza, na fedha hizo zinunue UPS.