Ni Nani Aliyelipa Karo ya Wauguzi wa Mombasa?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, chama chetu hupokea barua za kuomba msaada wa karo, na nyingi katika hizo hutoka kwa vijana walioitwa katika vyuo vya uuguzi. Barua hizo zikisomwa mkutanoni, wazee wetu husema kwamba zamani kusomea unesi kulikuwa bure, na vijana huwajibu kwamba zama hizo zimepita. Kamati imeniagiza niandike habari za jambo hili katika taarifa ya mwaka, ili tuamuapo namna ya kuitumia fedha yetu ndogo tuwe tumekwisha kujua tulikotoka.

Desturi ya mafunzo ya uuguzi iliyoletwa katika nchi yetu na Waingereza ilikuwa na asili yake, nayo yafaa ielezwe kwanza. Mwaka 1855, vita vya Crimea vikiendelea, watu wa Uingereza walianza kuchanga fedha kwa heshima ya Florence Nightingale, na askari wengi walitoa mshahara wao wa siku moja. Mchango huo ulipita pauni 44,000. Kwa fedha hiyo kilifunguliwa chuo cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860. Mwanafunzi alipewa chakula, malazi, nguo za kazi na pauni 10 kwa mwaka. Naye, kwa upande wake, alifanya kazi wodini tangu siku za mwanzo. Msomaji wa Mombasa atatambua mara moja kwamba hiyo ilikuwa harambee, ijapokuwa wenyewe hawakulijua neno hilo.

Mtindo huo ndio uliofuatwa hapa. Wenyeji wa kisiwa hiki walio na umri mkubwa hawajalisahau jina la Lady Grigg, mke wa Sir Edward Grigg aliyekuwa Gavana wa Kenya tangu mwaka 1925 hata 1930. Chama cha hisani kilichokuwa na jina lake kilishughulikia uzazi na afya ya watoto wachanga, na hospitali ya uzazi yenye jina hilo ilikuwako hapa Mombasa. Mwaka 1950 Baraza la Wauguzi la Kenya lilianzishwa, na mwaka 1952 mafunzo ya wauguzi wa daraja la juu yakaanza Nairobi katika Hospitali ya King George VI, ambayo sasa ni Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mwanafunzi aliyekubaliwa na Serikali alilala katika bweni la hospitali, alikula chakula cha hospitali, na mwisho wa mwezi alipata posho. Kwa hiyo wazee wasemapo kwamba chuoni hapakuwa na karo, wasema kweli.

Lakini karo ilikuwa imelipwa mahali pengine, kabla ya kufika mlango wa chuo. Shule ya kwanza ya sekondari kwa wasichana Waafrika wa Kenya ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1948 tu. Katika Mji wa Kale, Shule ya Wasichana wa Kiarabu ilikuwa imefunguliwa mwaka 1938, na hata hapo wazazi wengi walisita kumwacha binti aendelee na masomo baada ya kuvunja ungo, seuze kumpeleka wodini kukesha na kuwahudumia wanaume wasiokuwa jamaa zake. Basi aliyetaka mwanawe awe muuguzi alihitaji ada ya miaka mingi ya shule na nauli ya gari la moshi, na pengine alihitaji pia moyo wa kuvumilia maneno ya majirani wa Kibokoni na Kuze.

Na mshahara ulikuwa nini? Makuli wa bandari ya Kilindini waligoma mwaka 1939, na mwezi wa Januari 1947 kazi ilisimama karibu katika kisiwa kizima, kwa sababu ujira haukutosha hata pango na unga. Tume ya Carpenter ya mwaka 1954 ilikiri waziwazi kwamba mishahara ya Waafrika ilikuwa imekadiriwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala watoto, ikapendekeza mshahara wa kumtosha mtu na jamaa yake. Mshahara usiomkadiria mtoto hata kidogo ungemlipiaje binti ada ya shule ya sekondari? Hivyo milango ya chuo ilikuwa wazi bila malipo, lakini waliofika mlangoni walikuwa wachache mno.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda hivyo hivyo kwa muda mrefu. Serikali iliwasomesha wauguzi, nao wakaajiriwa nayo walipomaliza. Mabadiliko makubwa yalikuja na siasa ya kuchangia gharama. Ripoti ya Kamunge ya mwaka 1988 ilipendekeza kwamba wazazi na wanafunzi wachukue sehemu ya gharama za elimu na mafunzo. Mwezi wa Desemba 1989 wagonjwa walianza kutozwa malipo katika hospitali za Serikali. Na sheria ya mwaka 1990 ilikifanya Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya kuwa shirika lenye kujiendesha. Katika miaka hiyo ya tisini karo ikawa mzigo wa nyumba, na ajira ya hakika baada ya mafunzo nayo ikatoweka.

Hapa ndipo napenda wanachama waangalie kwa makini. Kazi ya wodini haikupungua. Mwanafunzi wa leo katika chuo kilicho jirani na hospitali yetu kuu ya Pwani atandika vitanda, apima joto la mwili, aosha wagonjwa na kukesha usiku, kama alivyofanya mwanafunzi wa zamani. Tofauti ni kwamba kazi ile ile iliyokuwa ikimlipia yule wa zamani chakula na kitanda, huyu wa leo aifanya huku akilipa karo. Tena zamu hizo ndizo zimzuiazo kutafuta kibarua cha kudumu. Kijana asomaye ukarani aweza kuuza duka jioni. Muuguzi mwanafunzi hajui juma lijalo atakuwa zamu ya usiku au ya mchana. Wale wasemao kwamba kijana ajitegemee kwa kufanya kazi huku akisoma hawajaitazama ratiba yake.

Kwa hiyo nyumba zetu zimetafuta njia zao. Ya kwanza ni upatu, ambao wengine huuita mchezo. Wanawake kumi wakiweka shilingi 1,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao huondoka na 10,000. Na mara nyingi zamu ya kwanza hupewa yule ambaye mwanawe yuko karibu kuripoti chuoni. Hakuna fomu wala mdhamini ila uso wa mtu na neno lake. Kwa maoni yangu, hakuna benki katika kisiwa hiki ijuayo shida ya mama mwenye mwanafunzi kuliko upatu wa mtaani. Tena kuna dhahabu. Katika Mji wa Kale bangili za mama zimekuwa akiba tangu zamani, na bangili iliyowekwa rehani imemsomesha mtoto zaidi ya mmoja.

Harambee ni jambo la namna nyingine. Neno lenyewe lilikuwa wito wa watu wakivuta mzigo mzito kwa pamoja, nalo likawa wito wa taifa mwaka 1963. Ni njia nzuri ya kumtoa kijana nyumbani, kwani siku hiyo ukoo, kanisa au msikiti, na majirani hukusanyika. Ila mzigo wa uuguzi hauvutwi siku moja. Mafunzo ya stashahada huchukua miaka mitatu na zaidi, na watu hawaitiki mara ya pili kama walivyoitika mara ya kwanza.

Misaada ya umma nayo ipo: basari za maeneo ya ubunge kwa fedha iliyoanzishwa mwaka 2003, na za kaunti tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013. Basari hugawanywa vipande vidogo ili wengi wapate, na mara nyingi hufika muhula ukiwa umekwisha kuanza. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa mwaka 1995, na mwaka 2013 ilianzishwa nayo hazina ya mikopo iitwayo Afya Elimu kwa wanafunzi wa afya hasa. Mkopo ni msaada mkubwa, lakini una riba, na jamaa nyingi za Kiislamu hukataa riba kwa sababu ya dini. Yafaa tusiwahesabu kuwa wazembe wasioomba.

Kwa sababu hizo Kamati italeta hoja mbele ya mkutano mkuu. Fedha yetu ya elimu isitolewe yote mwezi wa kuripoti, wakati ambapo upatu, bangili na harambee vyaweza kusaidia, bali sehemu yake kubwa iwekwe kwa ajili ya mwaka wa pili na wa tatu, ilipwe moja kwa moja chuoni kila muhula baada ya mwanafunzi kuonyesha taarifa ya karo anayodaiwa. Sehemu ndogo iachwe kwa mambo yasiyoandikwa katika barua za maombi: viatu vya wodini, saa ya kifuani, ada za Baraza la Wauguzi, na nauli. Mwanafunzi atokaye Likoni huvuka bure kwa feri, lakini akishashuka upande wa kisiwani bado ana safari ya matatu, na zamu ya asubuhi haimngoji. Wanachama walio wauguzi wastaafu wanaombwa wamwone Katibu kabla ya mkutano, ikiwa wana sare au vitabu wanavyoweza kutoa.