Uanuwai wa Timu katika Majadiliano ya Maji

Uanuwai wa timu ni hali ya wajumbe wa kundi moja kutofautiana kwa ujuzi, misimamo, asili au hadhi. Istilahi imejengwa juu ya anuwai, kama ilivyo bayoanuwai. Wapo wanaopendelea utofauti, lakini neno hilo huvuta pia maana ya kutoelewana, na mseto limeshashikwa na siasa.

Mwaka 2007 David Harrison na Katherine Klein waligawa dhana hii katika aina tatu: tofauti za misimamo, za ujuzi na za ngazi. Mgawanyo huo una maana kubwa, kwa sababu kila aina husukuma ushirikiano upande wake.

Chukua mfano wa mto Ruvu. Maji ya bomba ya Mwenge, Dar es Salaam, hutoka mtambo wa Ruvu Chini, Bagamoyo. Kabla ya kufika huko, mto huo, unaoanzia milima ya Uluguru, hunywesha mifugo na kumwagilia mashamba. Oktoba 2022 kina kiliposhuka, Dar es Salaam iliingia kwenye mgawo, na mwenye simtanki akawa na nafuu kuliko mwenye madumu. Mto husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu watumiaji kuunda jumuiya zao.

Kikao cha mto huo chenye wahandisi pekee kingekubaliana haraka kuhusu lita za kuchota. Ila mfugaji ndiye ajuaye ng'ombe huhamia wapi kiangazi, na mkulima ndiye ajuaye wiki ambazo mboga haziwezi kukosa maji. Hapo tofauti za ujuzi huzaa mapatano: anayehitaji maji asubuhi na anayeweza kusubiri usiku hupangiana zamu, badala ya kugombea kiasi kile kile.

Tofauti za ngazi hufanya kinyume. Mkulima asiye na kibali cha kutumia maji, akikaa mbele ya ofisa mwenye mamlaka ya kumfungia pampu, hunyamaza. Husaini karatasi ya mahudhurio, hurudi shambani, na usiku pampu huwashwa. Kikao cha namna hiyo kina uanuwai wa sura tu.

Hatari zaidi ni ufa wa timu, dhana iliyoelezwa na Dora Lau na Keith Murnighan mwaka 1998. Ufa hutokea pale tofauti kadhaa zinapolala kwenye mstari mmoja: wakulima wote ni wa milimani, wafugaji wote wa tambarare, wahandisi wote wa mjini. Kila hoja husikika kama ya upande fulani. Tiba yake ni kamati ndogo zinazochanganya pande hizo kwa kazi mahususi, kama kupima kina pamoja.

Mto Nile unaonyesha ufa huo kati ya mataifa. Mpango wa Bonde la Nile ulizinduliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1999, na wataalamu wa nchi wanachama wakafanya kazi pamoja. Lakini jiografia na haki za maji za mikataba ya Nile ya 1929 na 1959 zililala mstari mmoja, nchi za juu huku, Misri na Sudan kule. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024 kwa uridhiaji wa nchi sita, zote za juu ya mto, Tanzania ikiwemo. Misri na Sudan hazimo.