Siri ya Mlinganyo: Ushindani wa Wanahesabu wa Italia

Yamkini, msomaji wangu, umepata kuona wanafunzi wawili wakibishana juu ya hesabu bwenini, jioni baada ya chakula. Mmoja hudai kuwa amepata jibu. Mwenzake humwambia kuwa amekosea. Sauti hupanda, wengine hukusanyika kutazama, na kabla ya kengele ya kulala huwa imejulikana nani bingwa. Lakini mara nyingi jambo moja halijulikani, nalo ndilo kubwa kuliko yote: jibu lile lilipatikana kwa njia gani? Bingwa huondoka na njia yake mfukoni.

Nataka nikusimulie habari za watu waliobishana hivyo katika Italia, zaidi ya miaka 450 iliyopita. Walikuwa watu wenye akili nyingi. Walitukanana, wakashtakiana mbele ya ulimwengu, na mmoja wao akafa maskini. Hata hivyo katika ugomvi wao ilizaliwa elimu ambayo mpaka leo haijakoma kuzaa. Yafaa tuujue ugomvi huo, ili tupate kupambanua lililokuwa jema ndani yake na lililokuwa ovu.

Kwanza tutazame jambo lenyewe lililogombewa. Elimu ya aljebra ilipata jina lake katika kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad, kilichoandikwa baina ya mwaka 813 na 833. Yeye alifundisha jinsi ya kuitafuta namba isiyojulikana, iwapo katika hesabu namba hiyo imezidishwa kwa nafsi yake mara moja. Hii ndiyo milinganyo ya kipeo cha pili ambayo wewe huisoma darasani. Lakini je, ikiwa namba hiyo imepandishwa kwenye kipeo cha tatu? Umar Khayyam, mshairi na mwanahesabu wa Uajemi aliyefariki mwaka 1131, aliipata milinganyo hiyo kwa kuchora mistari iliyopinda na kuangalia inapokutana. Kanuni ya kukokotoa kwa namba hakuipata. Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha mjini Venice kitabu kikubwa cha hesabu, akasema humo kuwa kanuni ya namna hiyo ilikuwa bado haijapatikana.

Hata hivyo, haukupita muda mrefu ila kanuni ikapatikana. Aliyeipata ni Scipione del Ferro, mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Bologna. Basi utauliza: je, aliitangaza? La. Aliificha. Nawe usimlaumu kabla hujajua mambo ya zama zake. Siku zile mwalimu wa chuo hakuwa na kazi ya kudumu. Mtu yeyote aliweza kumtaka mashindano mbele ya watu, kila mmoja akamtolea mwenziwe maswali, na aliyeshindwa huenda akapoteza heshima, wanafunzi, hata mshahara. Kwa hiyo njia ya siri ilikuwa kama upanga uliofichwa alani: mwenyewe huuchomoa siku ya hatari. Siri ya mtungi aijuaye kata, na del Ferro aliitunza siri yake mpaka alipofariki mwaka 1526. Aliwaachia watu wachache tu, wakiwamo mkwewe, Annibale della Nave, na mwanafunzi wake mmoja aliyeitwa Antonio Maria Fior.

Sasa tumwache Fior tumtazame mtu mwingine. Katika mji wa Brescia alizaliwa mtoto, yapata mwaka 1500, jina lake Niccolò. Baba yake alikufa angali mdogo, akaiacha nyumba katika ufukara. Mwaka 1512 majeshi ya Ufaransa yaliuteka mji ule, watu wakakimbilia kanisani kujisalimisha. Askari waliwafuata humo humo, na mmoja akampiga mtoto Niccolò kwa upanga usoni, akampasua taya na kaakaa. Mama yake hakuwa na fedha za mganga. Alimwuguza kwa mikono yake mwenyewe, naye akapona. Lakini tangu siku hiyo hakuweza kusema sawasawa, na watu wakamwita Tartaglia, yaani Kigugumizi. Naye akalichukua jina hilo, akalitia hata juu ya vitabu vyake. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa alipopelekwa kujifunza kuandika, fedha ziliisha alipofika herufi K. Zilizosalia alijifundisha peke yake. Mtu huyu ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa hesabu katika Venice.

Tartaglia alisema hadharani kuwa anaweza kuitatua baadhi ya milinganyo ya kipeo cha tatu. Fior alipopata habari alidhani ni majivuno matupu, akamtaka mashindano. Ilikuwa mwaka 1535. Kila mmoja alimwandikia mwenziwe maswali 30, na dau lilikuwa karamu 30. Maswali ya Tartaglia yalikuwa ya namna nyingi. Ya Fior yote 30 yalikuwa ya namna moja tu, ile aliyorithi kutoka kwa mwalimu wake. Tartaglia alitambua kuwa adui yake ana silaha moja, lakini ni silaha ambayo yeye hana. Akakesha akitafuta. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari, siku zikiwa zimebaki chache, akaipata kanuni. Maswali yote 30 ya Fior akayamaliza kwa muda usiofika saa mbili. Fior naye karibu hakuweza chochote. Tartaglia aliridhika na heshima, zile karamu akazisamehe.

Hapa natulia kidogo, msomaji, kwa kuwa yuko mtu ninayemfahamu anayefanana na Fior. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mimi mwenyewe nilikuwa na njia fupi ya kufanya hesabu za namna fulani, niliyoionyeshwa na kaka yangu. Daftari langu nililifunga sandukuni kwa kufuli, na wenzangu waliponiuliza nilicheka tu. Nikasifiwa sana. Mwaka wa kwanza wa kufundisha, mtoto mmoja aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini njia hii inaleta jibu la kweli?" Nikashika chaki, nikageukia ubao, na chaki ikabaki mkononi. Sikujua. Sikuwahi kumweleza mtu, wala mtu hakuwahi kunihoji, basi hata mimi nilikuwa sijaielewa. Fior alikuwa na ufunguo wa mlango mmoja, akadhani ana nyumba nzima.

Habari za ushindi wa Tartaglia zilimfikia Girolamo Cardano, tabibu wa Milan, mtu wa elimu nyingi na tamaa ya kujua kila kitu. Alimwomba Tartaglia amfundishe kanuni ile, Tartaglia akakataa. Akamwandikia, akambembeleza, hata akamwahidi kumjulisha kwa liwali wa Milan, ambaye huenda angependezwa na uvumbuzi wake wa mambo ya mizinga. Mwisho Tartaglia akasafiri mpaka Milan, na mwezi Machi mwaka 1539 akaitoa siri, ameitunga kwa beti za shairi ili isisahaulike. Jambo hili halitawashangaza Waswahili, ambao tangu kale wameihifadhi elimu yao katika tenzi. Kwa maelezo ya Tartaglia, Cardano aliapa kwa Injili kuwa hataichapisha kamwe.

Pengine utapenda kuiona siri yenyewe. Chukua mfano ambao Cardano aliuweka kitabuni mwake: namba fulani katika kipeo cha tatu, pamoja na namba hiyo hiyo mara 6, jumla ni 20. Kanuni yasema: chukua theluthi ya 6, ambayo ni 2, uipandishe kwenye kipeo cha tatu, upate 8. Sasa tafuta namba mbili ambazo tofauti yake ni 20 na zao lake ni 8. Kwa njia ya kipeo cha pili utazipata, nazo ni kama 20.392 na 0.392. Tafuta kipeuo cha tatu cha kila moja: 2.732 na 0.732. Toa ndogo katika kubwa: jibu ni 2. Jaribu uone: 2 katika kipeo cha tatu ni 8, na 2 mara 6 ni 12, 8 na 12 ni 20. Hayo ndiyo yaliyokesheza watu na kuwatoa jasho, nawe umeyapata katika mistari michache kwa sababu yamewekwa wazi.

Cardano alikuwa na kijana nyumbani kwake, Lodovico Ferrari, aliyekuja kwake mwaka 1536 akiwa mtumishi wa miaka 14. Alipoona akili yake alimfundisha, na yule mtumishi akawa mwanahesabu. Mwaka 1540 Ferrari alivumbua njia ya kuitatua milinganyo ya kipeo cha nne. Lakini njia yake ilisimama juu ya ile ya kipeo cha tatu; hawakuweza kuitangaza ya pili pasipo kuitoa ya kwanza. Mwaka 1543 mwalimu na mwanafunzi wakaenda Bologna, na huko della Nave akawaonyesha maandiko ya marehemu del Ferro. Kanuni ilikuwamo! Cardano akaona kuwa kifungo cha kiapo kimelegea, maana aliyetangulia kuvumbua si Tartaglia. Mwaka 1545 akachapisha mjini Nuremberg kitabu chake, Ars Magna. Humo aliwataja del Ferro, Tartaglia na Ferrari, kila mtu na sifa yake, naye akaongeza uthibitisho ambao Tartaglia hakumpa.

Je, alivunja ahadi au hakuivunja? Wahenga walisema ahadi ni deni. Tartaglia aliwaka hasira, na mwaka 1546 akachapisha kitabu akayasimulia yote kwa upande wake. Cardano alinyamaza, Ferrari ndiye aliyejibu kwa niaba yake. Alidai kuwa siku ile ya mwaka 1539 yeye alikuwapo, wala hakusikia kiapo chochote. Tangu Februari 1547 mpaka Julai 1548 walipigana kwa barua za kuchapwa, sita za huyu na sita za yule, zikapelekwa kwa wanachuoni katika miji mingi ya Italia ili kila mtu asome. Ndani yake mlikuwa na maswali mazuri ya hesabu, na pembeni yake matusi ya kutosha.

Tarehe 10 Agosti 1548 walikutana ana kwa ana katika kanisa moja mjini Milan, liwali akiwa mwamuzi. Ferrari alikuwa kijana mwenye ulimi mwepesi, na mji ulikuwa wake. Tartaglia alikuwa mgeni, tena kigugumizi. Walibishana juu ya swali moja mpaka saa ya chakula, watu wakitawanyika mmoja mmoja. Kesho yake Tartaglia aliondoka Milan, na ushindi ukahesabiwa wa Ferrari. Kazi aliyokuwa ameahidiwa Brescia haikumfaa, kwani alifundisha kiasi cha mwaka mmoja kisha akaambiwa mshahara hautalipwa. Alifariki Venice mwaka 1557, maskini. Mpaka leo watu huiita kanuni ile kwa jina la Cardano.

Nawe hukumu, mwanafunzi. Mimi namwonea huruma Tartaglia. Alidhulumiwa na upanga, na ufukara, na pengine na rafiki. Lakini siwezi kusema kuwa kuificha kanuni kulikuwa kwema. Kwa muda wote ilipokuwa siri, tangu kwa del Ferro hadi kwa Fior, haikuzaa kitu ila karamu za dau. Ilipofunguliwa, ilizaa mara moja. Mwaka 1572 Rafael Bombelli, aliyekisoma kitabu cha Cardano, alionyesha jinsi ya kutumia kipeuo cha pili cha namba iliyo chini ya sifuri, jambo ambalo wengi waliliona ni upuuzi. Leo wahandisi wa umeme hutumia namba hizo kila siku katika kazi yao. Wengine wakaitafuta kanuni ya kipeo cha tano, mpaka mwaka 1824 kijana wa Norwei, Niels Henrik Abel, alipothibitisha kuwa kanuni ya jumla ya namna ile haiwezi kupatikana. Kuthibitisha kuwa jambo haliwezekani nako ni elimu.

Na desturi pia iligeuka. Mwaka 1665 yalianza kuchapwa majarida ya elimu mjini Paris na London. Tangu hapo ikawa sifa ya uvumbuzi humwendea aliyetangulia kuueleza mbele ya wote, wala si aliyeuficha kwa muda mrefu. Lau desturi hiyo ingalikuwapo mwaka 1535, Tartaglia angalipata haki yake pasipo kumwapisha mtu.

Basi, mnapobishana jioni, bishaneni. Mabishano si dhambi. Bila ya Fior kumtaka mashindano, huenda Tartaglia asingalikesha usiku ule. Lakini usiridhike kusema, "Jibu langu ndilo." Chukua chaki, onyesha njia yako tangu mwanzo hadi mwisho, na mwenzako akipata kosa, mshukuru. Akikuuliza "Kwa nini?" nawe ukakosa la kusema, usione haya, bora uyajue hayo leo bwenini kuliko kuyajua kama nilivyoyajua mimi, nimesimama mbele ya watoto 40, chaki mkononi.