22 SI ZOTE SAWA: KALIBA IPI INAFAA KULENGA SHABAHA?

Leo siasa zipumzike kidogo, tuongelee risasi. Msishtuke, ni za mchezo tu.

Wiki iliyopita mjomba wangu hapa Nyakato nusura atoe hela kwa bunduki ambayo isingemfaa. Yeye ni mgambo wa zamani, anapenda kulenga shabaha, na kibali alichohangaikia miezi mingi ni cha bunduki ndogo ya .22. Muuzaji mmoja akamwonyesha .22 Magnum, akamwambia, "22 ni 22 tu mzee, hii ina nguvu zaidi." Mjomba akanipigia simu: "Mjomba, wewe unayeshinda kwenye kompyuta, hebu niangalizie." Nikaangalia. Bahati nzuri alikuwa hajalipa.

Nilichokipata nakiweka hapa, maana najua hayuko peke yake.

RISASI HIZI NI ZIPI?
Wale mliopita JKT mnakumbuka risasi ya SMG. Ukiigeuza upande wa nyuma unaona kiduara katikati, hiyo ndiyo fataki, na pini ya bunduki inapiga pale. Risasi ndogo za jamii ya .22 hazina hicho kiduara. Baruti ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo wa ganda, pini inapiga ukingoni. Ili ukingo ubonyee, ganda lazima liwe laini, ndiyo maana risasi hizi hazibebi nguvu nyingi. Faida yake: mshindo mdogo, bunduki hairuki begani, na bei kwa kawaida iko chini. Kwa mtu wa shabaha hicho ndicho anachotaka, kupiga nyingi bila kuchoka.

KALIBA TATU ZA KUZIJUA
1. .22 Long Rifle (.22 LR). Ipo tangu 1887. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Hii ndiyo inayotumika Olimpiki kwenye bunduki ya mita 50, wanapiga wakiwa wamepiga magoti, wamelala na wamesimama. Pete ya 10 ya shabaha yao ina upana wa milimita 10.4 tu, na jamaa wanaipiga!

2. .22 Magnum (.22 WMR). Ilitoka 1959. Kichwa kinakaribia kulingana na cha LR, lakini ganda ni refu, karibu milimita 27, wakati la LR ni 15 na nusu hivi. Inakwenda kasi sana, kama mita 570 kwa sekunde. Imetengenezwa kwa kuwinda wanyama wadogo, sio kwa karatasi.

3. .17 HMR. Hii ni mtoto wa juzi, 2002. Kichwa ni kidogo, gramu 1.1, kinakimbia zaidi ya mita 770 kwa sekunde. Kwenye mita 100 inapiga vizuri sana, lakini risasi zake ni ghali kuliko LR na haiingii kwenye mashindano ya mita 50 ya Olimpiki.

KASI SIO SHABAHA
Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunadhani iliyo kali ndiyo bora. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Risasi ikianza juu ya kasi hiyo halafu ikapungua na kuivuka njiani, inayumba. Ndiyo maana LR za mashindano zinatengenezwa ziende chini ya sauti tangu zinapotoka mtutuni. Polepole, lakini zinarudi tundu lile lile.

Kingine, kila mtutu una risasi inayoupenda. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kuchagua risasi tofauti. Nunua aina tatu nne kidogo kidogo, piga karatasi kwa mita 50, ile inayokusanya matundu karibu ndiyo yako.

HATARI YA KUCHANGANYA
Risasi ya Magnum haiingii kwenye chemba ya LR. Lakini ya LR inaweza kuingia kwenye chemba ya Magnum, na hapo ndipo balaa. Inakaa imelegea kwa sababu ganda lake ni jembamba. Ukipiga, ganda linaweza kupasuka na moto ukarudi usoni. Mjomba angekuwa na kibali cha risasi moja na bunduki ya nyingine. Unadhani siku zikimwishia Magnum asingejaribu LR? Mie namjua, angejaribu.

Na msidharau udogo wake. Risasi ya .22 LR inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na inaua. Hapa Mwanza kila upande ni mawe, na risasi ikigonga jiwe au maji ya ziwa kwa pembe inadunda na kwenda isikotakiwa. Pigeni kwenye uwanja ulioruhusiwa wenye tuta nene la udongo, sio kilimani nyuma ya nyumba. Kwetu mchezo huu umekaa zaidi majeshini, kulenga shabaha ni mmoja wa michezo ya BAMMATA, kwa hiyo raia aulize polisi kwanza. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani.

KWA KIFUPI
Kama ni shabaha, chukua .22 LR. Kabla ya kulipa soma maandishi kwenye mtutu, yalinganishe na kibali, kisha na boksi la risasi. Vitatu hivyo vikisema kitu kimoja, lipa. Kimoja kikitofautiana, rudi nyumbani na hela yako.

Mjomba amemrudishia jamaa bunduki yake na bado anatafuta. Anawasalimu.

Wadau mliopita renji, kama kuna mahali nimeteleza nirekebisheni hapo chini kwenye maoni. Naomba kuwasilisha.